Nilipima Uzito wa Mtoto Baada ya Kununua

Mimi ni mshonaji wa sare za shule mjini Nakuru, na kila Januari hupima watoto kuanzia asubuhi hadi taa za barabarani zinapowaka. Kazi hiyo imenifundisha kwamba umri wa mtoto haunisaidii sana katika kumshonea. Watoto wawili wenye miaka saba wanaweza kuingia kibandani kwangu wakiwa wameshikana mikono, mmoja akatoshwa na sketi ya namba 22 na mwenziwe akabanwa kiunoni na namba 26, na ndiyo sababu mkasi wangu haugusi kitambaa kabla tepu haijapita mwilini mwa mtoto. Siku nilipokwenda kumnunulia binti yangu, Akinyi, hovabodi, yaani ule ubao wa umeme wa magurudumu mawili unaoendeshwa kwa kusimama juu yake bila usukani, desturi hiyo niliiacha kibandani, na aliyeumia ni yeye.

Akinyi alikiona chombo hicho kwa mara ya kwanza Desemba ya 2022, tulipokwenda kula Krismasi kwa shemeji yangu huko Kisumu. Binamu yake, kijana wa miaka kumi, alikuwa akikiendesha katika ua wao wa saruji laini, mikono imelegea kando, akizunguka mwembe bila kuinua mguu hata mara moja. Kwa mtoto wa miaka sita ambaye hajawahi kuona kitu kinachokwenda bila usukani, ule ulikuwa muujiza. Tulipokuwa tukirudi Nakuru alianza kuniomba tukiwa bado Ahero, akaendelea kuniomba tulipopita mashamba ya chai ya Kericho, na hakunyamaza mpaka usingizi ulipomshika karibu na Mau Summit. Nilikuwa nimekwisha kumwahidi.

Februari nilipata hovabodi iliyotumika kwa shilingi 8,000. Ilikuwa nyekundu, yenye magurudumu ya inchi sita na nusu, taa za buluu na spika ya muziki. Muuzaji aliniuliza, "Mtoto ana miaka mingapi, mama?" Nikamjibu kwamba ana sita, anakaribia saba. "Huyo ataimudu. Watoto hushika haraka kuliko sisi wazazi." Nikaridhika. Niliuliza kuhusu chaja, nikauliza kama taa zote zinawaka, nikaomba kupunguziwa bei. Sikukigeuza chombo nikatazama tumboni mwake, ambako palikuwa na kibandiko kidogo chenye maandishi yaliyofifia yanayosema kwamba mwendeshaji awe na uzito wa kilo 20 hadi 100. Akinyi siku hiyo alikuwa na kilo 16 na nusu. Jambo hilo nililijua hospitalini, alipowekwa kwenye mzani ili apimiwe dawa ya maumivu.

Siku ya kwanza chombo kilikuwa kikitetemeka chini ya miguu yake. Nilimshika mikono yote miwili, akapanda, na hovabodi ikaanza kugongagonga sakafu kama cherehani iliyolegea mguu. Nilidhani ni uoga wa mtoto unaotetemesha miguu. Akiweka mguu mmoja kabla ya wa pili, kilimzungusha hapo hapo, naye akaruka chini akicheka. Mimi pia nilicheka. Dalili zote mbili zilikuwa zinaniambia kwamba mtoto hajafikia kipimo, nami sikuzielewa.

Siku ya pili, jioni, alikuwa ameanza kwenda hatua kumi hivi bila kushikwa. Mtaa wetu uko upande wa mteremko unaoshuka kutoka Menengai, na hata pale penye vitofali vya kabro mbele ya lango letu, macho yanaweza kuona tambarare lakini mpira ukiuweka chini unaondoka wenyewe. Akinyi alielekea langoni, kasi ikaongezeka kidogo, akaogopa. Mtoto akiogopa hutazama miguu yake, na akitazama miguu huinama mbele. Alipoinama, chombo kikaongeza mwendo. Alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kuinama, nacho kikazidi kukimbia, mpaka gurudumu la kulia likaingia katika ufa kati ya kabro mbili, naye akatangulia mikono. Nilikuwa umbali wa hatua sita na sikumfikia. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto, akafungwa plasta kwa wiki nne. Daktari aliniambia kwamba anayeanguka hujikinga kwa viganja, na kwamba mifupa ya mahali pale ndiyo huumia mara nyingi kwa watoto wanaoanguka kutoka kwenye vyombo vya namna hii.

Kwa siku kadhaa niliilaumu hovabodi kwamba ilikuwa mbovu. Nikaipeleka kwa fundi wa redio na simu ambaye meza yake haiko mbali na kibanda changu, nikamwomba aniambie kwa nini ilimkimbiza mtoto. Aliifungua mbele yangu, na saa ile moja kwenye benchi lake ndiyo iliyonifundisha zaidi katika safari hii yote.

Alinionyesha kwamba hovabodi ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa mhimili, kila kipande kikiweza kuinama peke yake. Kila kipande kina mota iliyofichwa ndani ya gurudumu lake, na kibao kidogo cha saketi chenye jairoskopu, kifaa kinachohisi mwinamo. Chombo kikiinama mbele, mota husukuma gurudumu mbele ili lirudi chini ya uzito. Kikiinama nyuma, hulirudisha nyuma. Mwendeshaji akiinamisha vidole vya mguu wa kulia na kisigino cha mguu wa kushoto, gurudumu moja linakwenda mbele na jingine linarudi nyuma, na hapo ndipo anapogeuka kuelekea kushoto. Chini ya mpira wa kukanyagia kuna swichi ndogo za mwanga. Mguu ukikandamiza mpira, ulimi wa mpira huo hushuka katikati ya swichi, hukata mwanga, na kipande hicho hutambua kwamba kuna mtu juu yake.

"Sasa mtazame mtoto wako, Mama Akinyi," akaniambia. Mtoto mwepesi hakandamizi mpira sawasawa, kwa hiyo swichi huweza kushika upande mmoja na kuachia upande mwingine, au kushika na kuachia bila yeye kujua. Mota nazo zimepangwa kwa watu wenye uzito. Zinaporekebisha mwinamo wa mtoto mwepesi huvuka mpaka, kisha hurudi, kisha huvuka tena, na huko kwenda na kurudi ndiko kutetemeka nilikokuwa nikikuona. Zaidi ya hayo, mtoto asiye na uzito hana nguvu ya kuurudisha ubao nyuma kwa visigino anapotaka kusimama. Kifaa hakikuwa kibovu hata kidogo. Kilifanya kile alichokiambia kwa mwili wake, na mwili wake ulikiambia kikimbie.

Nilielewa hapo hapo, kwa sababu nimewafundisha wasichana wengi kutumia cherehani ya umeme. Msichana mgeni akiona kitambaa kinamponyoka, mguu wake hukaza juu ya pedali badala ya kuachia, na sindano humkimbilia kidoleni. Hakuna anayemlaumu msichana, wala mashine. Tunampa kwanza cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ambayo haiendi isipokuwa yeye mwenyewe ameiendesha, mpaka mguu wake ujue kuachia bila kuambiwa. Watu huviita vyombo hivi vya kujisawazisha, nasi wazazi tunasikia kwamba vitamsawazisha mtoto. Vinajisawazisha vyenyewe, tena kwa mbele na nyuma tu. Aliye juu lazima awe na usawa wake mwenyewe.

Kabla ya kufunga vifuniko fundi alinionyesha betri. Ilikuwa furushi lililofungwa kwa plastiki ya buluu isiyo na jina wala namba yoyote, na waya wake mmoja ulikuwa umeungwa kwa utepe wa gundi. Ndani ya furushi la namna hiyo mna seli za lithiamu za umbo la mche wa duara, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kumi zikipangwa mfululizo hutoa takriban volti 36, na zikijaa hufika volti 42, ndiyo sababu chaja zake huandikwa volti 42. Betri nzuri huwa na kibao cha ulinzi kinachokata umeme seli zikijaa au zikipata joto kupita kiasi. Hii ilikuwa nacho, lakini fundi hakukiamini, akaniambia waziwazi kwamba asingekubali ilale nyumbani kwake.

Baadaye nilisoma kwamba hofu yake ina historia. Hovabodi zilipoenea duniani mwaka 2015, nyingi zilitengenezwa kwa haraka na kwa betri duni, na zikaanza kushika moto, baadhi zikiwa kwenye chaja na nyingine zikiwa zinaendeshwa. Kufikia Desemba ya mwaka huo mashirika makubwa ya ndege yalikuwa yameanza kuzikataa. Julai 2016, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa hovabodi zaidi ya 500,000 za kampuni mbalimbali. Mwaka huo huo ndipo kilipotoka kiwango cha usalama kinachoitwa UL 2272, ambacho hujaribu mfumo mzima wa umeme wa chombo, yaani betri, chaja na saketi kwa pamoja. Nilikuwa nimelala nyumba moja na betri isiyo na jina, ikichajiwa usiku kucha karibu na marobota ya vitambaa. Jambo hilo lilinitia baridi kuliko hata ule mkono uliovunjika.

Baba Akinyi alitaka suala hilo lifungwe. Alisema mtoto amekwisha kuumia mara moja na kwamba kuna baiskeli. Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye, kwa kuwa kila likizo tutakwenda Kisumu, na kila likizo hovabodi ya binamu itakuwa pale uani. Niliona afadhali ajifunze kwa utaratibu mbele yangu kuliko kujifunza kwa kuiba dakika tukiwa jikoni na nyanya yake. Tukaafikiana kwamba atasubiri mpaka afike kilo 22, na kwamba kilo hizo zitasomwa mzanini, hazitakadiriwa kwa macho. Nilichagua 22 badala ya 20 kwa sababu ile ile ninayoacha nafasi kwenye pindo: mtoto anayefika mpakani kabisa hushuka chini ya mpaka akiugua homa wiki moja.

Ile nyekundu sikuiuza. Kumuuzia mtu mwingine kitu nilichoogopa kulala nacho kungenisumbua moyo. Fundi aliondoa betri, akabaki na mota na saketi kwa kazi zake.

Kusubiri kulichukua karibu miaka miwili. Katika kipindi hicho nilimnunulia skuta ya kusukuma kwa mguu, ya magurudumu mawili, yenye usukani na isiyo na mota, na leo nikiulizwa na mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano au sita anunue nini, hicho ndicho ninachomwambia bila kusita. Skuta hiyo humfundisha mtoto kusimama juu ya kitu kinachotembea, kukunja magoti kidogo, kutazama mbele, na kuruka chini kwa usalama, na kasi yote inatoka katika mguu wake mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi tulipita dukani kwa muuza nafaka wa mtaani, akasimama juu ya mzani wa magunia kati ya maharagwe na njugu, na mwenye duka akamsomea kilo zake kwa sauti kama anayemsomea mteja. Kuna mwezi alipungua nusu kilo, akalia.

Nilipewa pia ushauri wa kununua kile kiti chenye gurudumu kwa mbele kinachofungwa juu ya hovabodi ili mtoto aketi na kuiendesha kwa vishikio viwili vya kando. Nilikijaribu mahali kilipokuwa kikikodishwa. Ni kweli mtoto akiwa ameketi yuko karibu na ardhi na haanguki kwa urahisi, lakini vishikio humpa kasi yote kwa kusogeza mkono tu, na miguu yake hukaa mbele kabisa, ndiyo itakayofika ukutani kwanza. Kwa mahali penye uwanja mpana na watu wachache kinafaa. Kwa ua wetu hakifai.

Desemba ya 2024 Akinyi, akiwa na miaka minane, alifikisha kilo 22. Safari hii nilikwenda dukani pamoja naye, na tepu yangu ilikuwa shingoni kwa sababu nilitoka kazini moja kwa moja. Swali langu la kwanza lilikuwa uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa, na muuzaji alipoanza kunitajia miaka nilimwomba anigeuzie chombo nisome mwenyewe. Swali la pili lilikuwa uzito wa chombo chenyewe. Hovabodi ya inchi sita na nusu huwa na karibu kilo 10, yaani karibu nusu ya uzito wa mtoto wangu, na hicho ndicho kitakachomgonga kifundo cha mguu kikigeuka. Kuhusu magurudumu, nililetewa ndogo za inchi nne na nusu zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, nyepesi na za kupendeza, lakini nilikumbuka ule ufa wa kabro. Gurudumu dogo husimamishwa na kokoto ya ukubwa wa harage, na Nakuru hatukosi kokoto. Za inchi nane na kumi hupita vizuri penye mawe, ila ni nzito zaidi, na humshawishi mtoto aende mahali ambapo sitaki aende. Nikabaki na inchi sita na nusu, nikijua kwamba nimechagua pia mahali pa kuendeshea, yaani sakafu laini peke yake.

Nilitafuta alama ya UL 2272 kwenye chombo, kwenye chaja na kwenye karatasi zake, kwa maana alama ya kubandika kwenye boksi tu yaweza kubandikwa na yeyote, nikatafuta na kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, cha bidhaa zinazoingizwa nchini. Nilitaka pia kiwe na hali ya wanaoanza, ambayo hupunguza kasi na kulainisha mota. Kisha, kabla sijatoa pesa, Akinyi alipanda pale pale dukani nikiwa nimemshika mikono. Chombo kilitulia. Akashuka, kikanyamaza mara moja. Nikampandisha tena mara tatu, na muuzaji akawa mvumilivu. Taa na spika sikuuliza. Tulilipa shilingi 19,000, na nyingine 3,500 zikaenda kwa kofia ngumu, vikinga vya magoti na viwiko, na vikinga vya vifundo vya mikono, vile vyenye kipande kigumu upande wa kiganja. Ningelazimika kuchagua viwili tu, ningechukua kofia na hivyo vya mikono.

Mafunzo tuliyafanya Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa letu, kwa ruhusa ya mzee wa kanisa, viti vikiwa vimesogezwa ukutani. Kabla ya mara ya kwanza tuliiweka hovabodi juu ya sakafu tambarare, tukaisawazisha kwa kubonyeza swichi yake mpaka taa zilipomweka, kwani ikisawazishwa mahali penye mteremko itaamini kwamba mteremko ndio usawa. Jumamosi mbili nzima hakwenda popote. Alipanda na kushuka tu. Kushuka ni kwa kurudisha mguu mmoja nyuma, kisha wa pili, kamwe si kwa kuruka mbele, na ninaamini kwamba mtoto asiyeweza kushuka mara ishirini bila kukosea hajawa tayari kusogea. Nilisimama mbele yake nikamwambia anitazame kipaji cha uso. Kila alipotazama miguu nilimwambia jina lake, basi, naye akainua macho. Jumamosi ya tatu alisogea mita mbili, akaegemea visigino, akasimama. Sikumshika. Niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja ndani ya raba, kisha vikalegea, na ubao ukatulia chini yake bila hata mtikisiko.

Kuchaji ni mchana tu, mtu mzima akiwa nyumbani, juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda na mbali kabisa na vitambaa vyangu. Akitoka kuendesha, huachwa ipoe nusu saa kwanza. Stima ikikatika, tunachomoa chaja na kusubiri irudi na itulie, kwa sababu hurudi kwa kishindo. Ikilowa au ikianguka vibaya hupita kwa fundi kabla ya kugusa chaja. Ikianza kulia mlio wa betri kuisha anashuka hapo hapo, kwa kuwa umeme ukikatika hakuna tena kinachosawazisha chochote.

Sasa mvua za Aprili zimeanza na ukumbi umechukuliwa na kwaya inayojiandaa kwa mashindano, kwa hiyo chombo kimepumzishwa kwenye kona ya sebule, betri ikiwa nusu hivi, maana haifai kukaa muda mrefu ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Vumbi la Nakuru tunalifuta kwa kitambaa kikavu, hasa pembezoni mwa mpira wa kukanyagia. Akinyi bado anapita kwa muuza nafaka kila mwisho wa mwezi ingawa sijamtuma. Juzi alirudi na kilo 23, na gauni lake la shule nimelishusha pindo kwa mara ya pili mwaka huu.